Krismasi ya Mitro Dzubay

Mitro Dzubay alinyimwa ruhusa ya jioni moja. Alinyimwa asubuhi ya Januari sita, zamu ya usiku ya kiwanda cha chuma ilipotoka, mbele ya wenzake kumi na wawili wenye masizi mpaka kwenye kope.

"Bosi, Krismasi yenu nilimshikia mpwa wako zamu," alisema. "Tulikubaliana na mimi nitapewa yangu."

"Ulikubaliana na nani? Wewe ulisema, mimi nilikohoa." Nyapara Doolan alicheka. "Krismasi imepita, Mitro. Mke wangu ameshautupa mti nje."

"Yetu sisi, kwa kalenda ya zamani, ni kesho. Chakula chake ni jioni ya leo."

"Kuleni basi. Ila saa kumi na mbili nikukute tanuruni. Pale getini kuna watu wanaruka-ruka kwa baridi, wanaitaka nafasi yako."

Njiani, rafiki yake Yurko alimsukuma bega. "Ungemwandikisha ahadi hiyo, ndugu yangu."

"Angeandika, ningesomaje? Mimi mwenyewe jina langu nalichora."

Alilala hadi saa tisa. Alipoamka, mkewe Hafia alikuwa ametandaza majani makavu chini ya meza na kuifunga miguu ya meza kwa mnyororo, kama walivyofanya kwao milimani, ili watu wa nyumba wasitawanyike. Mnyororo ulikuwa wa mbwa wa mwenye nyumba, na mbwa alikuwa jikoni ananusa supu ya uyoga. Hafia na binti yao Anka waliingia Amerika kiangazi kilichopita. Hii ilikuwa Krismasi yao ya kwanza pamoja baada ya miaka minne.

Mitro alimweleza maneno ya Doolan. Hafia hakuacha kuviringa unga.

"Kule nyumbani nimekuwekea sahani mara nne," alisema. "Sahani, kijiko, na kiti kitupu. Mama yako analia, mimi nakula. Ya tano siweki."

"Unataka nifukuzwe?"

"Nataka uniambie niweke sahani mbili au tatu. Basi."

Mitro alivaa buti za kazi, akakaa.

Chakula huanza nyota ya kwanza ikionekana. Lakini katika mtaa ule, chini ya moshi wa mabomba ya kiwanda, nyota hakuna aliyewahi kuiona, kwa hiyo wanawake walishakubaliana: taa ya kwanza ya barabarani ndiyo nyota. Mwasha taa, mzee wa Kiayalandi, hakujua cheo alichopewa. Anka alibandika pua kwenye kioo.

"Mama, anapanda ngazi! Amewasha!"

Mtaa mzima vikasikika viti vikivutwa.

King'ora cha kwanza cha kuita zamu kililia kiwandani. Mitro akainuka, akachukua kofia. Hafia alikuwa ameshika sahani ya tatu mkononi, hajaiweka wala hajairudisha kabatini.

"Iweke," Mitro akasema. Akavua buti.

Walichovya kitunguu saumu kwenye asali, wakanywa supu, wakala vipande vya mkate vyenye mbegu nyeusi za popi hadi meno yakawa meusi. King'ora cha pili kilipolia, Anka aliuliza kinamwita nani.

"Watu," Mitro alisema. "Nipe mkate." Alikula mpaka akalegeza mkanda, akamwimbia mtoto kwa sauti mbaya, mbwa akatoka nje.

Hakufukuzwa. Tanuru lake alipewa mpwa wa Doolan, naye Mitro akarudishwa uani kupakua mawe ya chuma kwenye mabehewa, kazi aliyoanzia alipokuja.

Jioni ile ilimgharimu mshahara wa usiku mmoja, dola mbili na senti kumi. Ilimgharimu miaka minne ya kupanda kutoka kwenye koleo hadi tanuruni. Senti arobaini na tano zilizopungua kila siku, tangu siku hiyo. Na koti zito la kununua, kwa sababu uani hakuna moto.