Kamba Kumi na Moja

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi mpima ardhi aliingia ofisi ya bustani za jiji, akafuta tope la viatu kwenye gazeti la juzi, akaweka daftari lake juu ya meza ya mchoraji ramani. Mchoraji huyo wenzake walimwita Rula, maana kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuchora mstari kwa mkono mtupu, hata alipokuwa akimwelekeza mgeni chooni.

"Bustani ya kati," mpima ardhi alisoma. "Miti arobaini na mitatu. Mabenchi sita, mawili hayana miguu. Bomba moja linavuja. Kamba za nguo kumi na moja."

"Zina nguo?"

"Zimejaa, zote mbichi. Mlinzi anasema zimeanza Alhamisi. Ukizianua leo, kesho asubuhi unazikuta palepale zinachuruzika."

Rula aliuliza urefu wa kila kamba. Jiji lilitaka bustani iboreshwe kabla ya mwaka kwisha, na kanuni ya ofisi ilikuwa fupi: kilichopo kinachorwa, kisichokuwepo hakichorwi. Alipomaliza kuzichora aliona kila kamba imekaa kwenye ua wa nyumba aliyoijua. Ya nne ilikuwa ya kwao.

Kabla ya bustani palikuwa na mtaa pale. Jiji liliubomoa kwa siku mbili, likaahidi viwanja kwingine, na ahadi hiyo mpaka leo iko njiani. Rula alikuwa na miaka tisa. Siku ile mama yake alikuwa amefua, na tingatinga lilipita nguo zikiwa hazijakauka.

Jioni alimkuta mama yake sebuleni akichambua mchele, akamweleza.

"Shati la baba yako lipo?" mama aliuliza.

"La buluu. Lipo."

"Alilitafuta lile mpaka anakufa." Mama alitupa kijiwe pembeni. "Sasa sikiliza, mwanangu. Kiwanja nimeshakata tamaa. Wewe ndiye unayechora. Waandike tu kwamba tulikaa pale, majina kumi na moja, basi. Nilione letu kabla sijafa."

"Nitaandika, Mama."

Na kweli aliandika. Alichora nyumba kumi na moja kwa nukta nyembamba, kila moja na jina la mwenyewe, akaipeleka ramani kwa mkuu wa idara, mtu mwenye miwani miwili na asiyeona vizuri kwa yoyote.

"Hivi vinukta nini?"

"Nyumba, mkuu."

"Zipo?"

"Hazipo. Zilikuwepo."

"Na kamba?"

"Kamba zipo."

"Basi kamba zibaki, watu watazipenda. Nyumba futa. Asiyekuwepo na lake halipo, dada yangu."

Rula angeweza kumwambia kwamba mmoja wa wenye nyumba hizo yupo, ana miaka themanini na moja, na anakaa vituo viwili tu kutoka hapo. Alisema, "Sawa, mkuu." Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, na kwa aibu hiyohiyo akashika kifutio.

Mradi ulikwenda vizuri. Njia mpya zilipindishwa kuzizunguka kamba, mabenchi yakageuzwa yatazame nguo, na kwa kila kamba pakasimikwa kibao: TAFADHALI USIGUSE. Herufi zilikuwa za Rula.

Siku ya kufunguliwa alimpeleka mama yake. Hakuhitaji kumwonyesha njia. Mama alinyoosha moja kwa moja hadi kamba ya nne, akakagua shuka, gagulo, sare ya Rula ya darasa la tatu, kisha akakamua mkono wa shati la buluu. Maji yakatoka.

"Bibi, soma kibao," mlinzi alisema.

"Sina miwani, baba. Kinasemaje?"

Mlinzi akamsomea.

"Majina yetu yako wapi?" Mama hakumuuliza mlinzi, alimuuliza mwanawe.

"Niliyafuta, Mama."

"Na kibao hiki kaandika nani?"

"Mimi."

Mama alikitazama. "Umenyoosha vizuri," alisema, na Rula angependa zaidi kupigwa kofi.

Mara mvua ikaanza. Wageni walikimbilia kibandani. Mama alianza kuanua, kama afanyavyo mtu yeyote aliyeanika. Mlinzi akasimama katikati yake na kamba, mikono ameitanua, akiomba radhi kila mara.

"Nguo za watu zinalowa," mama alimwambia.

"Ndiyo, Bibi. Lakini hairuhusiwi."

Rula alimshika mama yake mkono, wakaondoka. Mama aligeuka nyuma mara nne kabla ya geti. Walipofika nyumbani alikunjua kiganja, na ndani palikuwa na kibanio kimoja cha mti. Alikiweka dirishani.

Jumatatu mpima ardhi alifungua daftari. "Kamba kumi na moja, nguo zote mbichi. Vibanio mia moja na nne. Kamba ya nne, kimoja hakipo."

Rula alichukua kalamu, akakichora mahali pake kwa nukta nyembamba, akaandika pembeni: hakipo. Aliipeleka ramani kwa mkuu. Mkuu alibadilisha miwani, akasoma, akapiga muhuri, na kabla ya saa sita mchana alikuwa ameagiza kibanio kingine.