Baba Juu ya Paa

Upepo ulivuma siku mbili, na theluji mpya ikafika kiunoni. Kazi ya Afra ilikuwa kupima kama theluji ya mteremko ingeporomoka, kabla watu wa kitongoji cha juu hawajapita chini yake. Leo waliokuwa wakingoja uani walikuwa thelathini, na jeneza la baba yake.

Alichimba shimo, akakata nguzo ya theluji, akaweka sepeto juu yake. Akaligonga sepeto kwa vidole mara kumi, aone kama nguzo ingehimili. Akaanza kugonga kwa mkono kutoka kwenye kiwiko. Pigo la pili tu, nguzo ikakatika katikati, kipande cha juu kikamwangukia mapajani. Akarudi nyumbani.

"Hapiti mtu."

"We Afra, una wazimu?" kaka yake Gebhard alifoka. "Kasisi anangoja bondeni, kaburi limechimbwa, jua hilo linawaka!"

"Jua ndilo linalonitia hofu, linalegeza theluji."

"Watu watasema tumeshindwa kumzika baba!"

"Waseme, midomo ni yao. Mimi nazika mtu mmoja, sitaki kuzika thelathini na mmoja."

"Na maiti atakaa wapi?" aliuliza shangazi yao, Rosina.

Afra akatazama paa. Zamani, njia ikifungwa, wafu walilazwa huko, wakafunikwa theluji mpaka njia ifunguke. Watu wa bondeni waliwacheka hadi desturi ikafa kwa aibu.

"Baba yangu hagandishwi kama nyama," Gebhard alisema. "Wanaume, nyanyueni!"

Afra akakaa juu ya jeneza, buti zikining'inia.

"Haya, nibebeni na mimi."

Hakuna aliyenyanyua. Rosina ndiye aliyekwenda kuleta ngazi.

Mteremko haukuporomoka siku ile, wala ya pili. Kila asubuhi Gebhard alimkejeli, na kila asubuhi Afra alipima, akarudi, akainua uso kuelekea paani: "Bado, baba." Ilimuuma, lakini hakutikisika. Siku ya sita nguzo ilistahimili mapigo yote: kumi ya vidole, kumi ya kiwiko, hata yale kumi mazito ya kutoka begani.

Wakamteremsha mzee. Walipokuwa wakipita chini ya mteremko, Gebhard, jeneza begani, akanong'ona:

"Unaona? Theluji haikuporomoka."

"Naona. Sasa geuka uwahesabu walio nyuma yako."

Gebhard akageuka. Hakupungua hata mmoja, na binti yake mdogo alikuwa wa mwisho, akitafuna mkate. Akaliweka jeneza vizuri begani, akatembea mpaka kanisani.