Kipande cha Mwenye Timu

Jirani yetu Poliksení anasimulia kwamba siku ya kukata keki ya mwaka mpya pale klabuni, Bwana Velentzas na Bwana Karpouzis walikwidana mashati, kisu kikaruka, na padri akajificha chini ya meza. Anasimulia dukani, anasimulia nje ya kanisa, na kila akisimulia kisu kinaruka mbali zaidi. Lakini Poliksení hakuwepo. Mimi nilikuwepo, na sinia la vikombe mkononi, na hakuna aliyemgusa mwenzake. Kilichotokea kilikuwa kidogo kuliko hicho, na labda ndiyo maana sikuacha kukiwaza.

Aliyekuwa anakata ni Padri Serafim. Kipande cha kwanza cha Kristo, cha pili cha Bikira Maria, cha tatu cha timu yetu, Astrapi. Cha nne huwa cha mwenye timu. Padri akakilaza kisu juu ya keki, akauliza kama anavyouliza kila mwaka, "Hiki nakikata kwa jina la nani?"

"Velentzas," akasema Velentzas.

"Karpouzis," akasema Karpouzis, kwa wakati uleule.

Velentzas ana kiwanda cha vigae, na kwa miaka tisa tumekuwa tukimwita rais. Karpouzis ananunua na kuuza pamba. Yeye ndiye aliyekuwa akilipa mishahara ya wachezaji tangu Septemba, kwa ahadi kwamba hisa za timu zitakuwa zake. Wachezaji wakatazama viatu vyao. Padri, ambaye hapendi kutamka jina lisilo sahihi baada ya la Bikira Maria, akamgeukia mhasibu, Iordanis.

"Wewe ndiwe mwenye daftari la hisa. Limeandikwa jina la nani?"

Nadhani Iordanis alijibu kwa sababu aliyeuliza alikuwa padri, na keki ilikuwa imeshabarikiwa. Angeuliza mwingine, angekohoa tu.

"Stamatia Gouda," akasema.

Stamatia Gouda ni mama yangu. Amefua jezi za Astrapi miaka ishirini na miwili, mpaka magoti yalipomkatalia nikaishika kazi mimi.

Golikipa ndiye aliyecheka kwanza. "Kumbe tajiri wetu anakaa kwenye beseni. Lemonia, mwambie mama yako glovu zangu zimetoboka." Wengine wakacheka. Velentzas na Karpouzis hawakucheka, na padri akakata kipande.

Nilikipeleka nyumbani kwenye kitambaa cha karatasi. Mama akakila akiwa amenyoosha mguu juu ya kiti, akinisikiliza.

"Mimi ndiye mwenye timu?" akasema. "Basi mwambie kocha yule winga wa kushoto akae benchi. Jezi yake hairudi na tope hata siku ya mvua."

"Mama, uliwahi kutia saini kitu?"

"Kila Krismasi. Rais alikuwa anachora msalaba kwa penseli, mimi natia saini hapo. Alisema ni karatasi za bima yangu."

Kesho yake nilikwenda ofisini kwa Iordanis. Sikumlaumu. Nilitaka kujua tu, nikakaa mpaka alipochoka kujifanya anapiga hesabu.

"Kwa nini mama, Bwana Iordanis?"

"Kwa sababu jina lake safi, binti. La Velentzas benki zote zinalijua. Akiandikisha hata baiskeli leo, kesho inapigwa mnada."

"Ana ndugu, ana mashemeji."

"Mashemeji waliuliza maswali. Mama yako hakuuliza."

Akavuta droo. Ndani mlikuwa na barua kumi na moja za ofisi ya kodi, zote kwa jina la mama, zote zimeshafunguliwa. Nilizisoma moja baada ya moja, kidole kikifuata mistari. Kodi ya miaka minne, bima ya wachezaji ya miaka minne. Drakma milioni kumi na nne.

"Na hizi analipa nani?"

"Anayetia saini." Akafuta miwani. "Nyinyi mna nini?"

"Nyumba. Vyumba viwili na jiko."

Akairudisha droo taratibu.

Jumamosi walikuja nyumbani, Velentzas na Karpouzis, watu ambao wiki nzima hawakusalimiana. Walishuka kwenye gari moja. Hilo ndilo nililolitazama zaidi, kuliko boksi la vitumbua vya asali walilobeba. Poliksení alikuwa ameshatoka kufagia kibaraza chake, ambacho alishakifagia asubuhi.

"Mama Stamatia," akasema Velentzas, "tumekuja kukutua mzigo. Saini moja tu, hisa zinakwenda kwa Karpouzis, wewe unapumzika."

"Nilikuwa sijachoka," mama akasema. "Nimekuwa tajiri siku sita tu."

Karpouzis akatabasamu, akaisogeza karatasi. Msalaba wa penseli ulikuwa tayari pale chini. Mama akanitazama. Nikawapa kahawa, nikaivuta karatasi upande wangu, nikaanza kuisoma.

"Lemonia, itapoa," akasema Velentzas.

"Kunyweni tu, Bwana Velentzas. Mimi nasoma polepole."

Mstari wa kwanza ulisema hisa zinahamia kwa Karpouzis. Wa pili ulisema bei, drakma moja. Wa tano, wenye herufi ndogo, ulisema madeni yote ya mpaka leo yanabaki kwa aliyeuza. Niliurudia mara tatu. Kisha nikaigeuza karatasi iwaelekee, nikaweka kidole kwenye mstari huo, na kalamu pembeni yake.

"Mama atatia saini," nikasema. "Naomba kitu kimoja. Ufuteni huu, muandike kwamba madeni nayo yanakwenda na hisa."

Karpouzis akamtazama Velentzas. Velentzas akachukua kijiko, akaikoroga kahawa iliyokuwa imeshatulia, mpaka machicha yote yakapanda juu, akaendelea kukoroga.