Pedeli Nyepesi

Fundi baiskeli alifunga waya wa breki kwenye pedeli ya gitaa la kaka yake. Gitaa hilo hulazwa kama meza. Mguu ukikanyaga, waya huvuta uzi na sauti hupanda; ukiachia, springi huurudisha. Lakini ugonjwa ulishamaliza nguvu za mguu wa kaka.

“Springi hii hata kuku anaikanyaga,” fundi alisema.

“Basi niletee kuku, mdogo wangu.”

Walicheka. Kaka akajikaza mpaka jasho likamtoka. Pedeli haikusogea. Fundi akainama ailegeze springi tena, akasita: ikilegea zaidi ya hapo, uzi hautarudi kwenye sauti yake.

“Umemaliza?”

“Bado kidogo, kaka,” alijibu kutoka chini ya gitaa, akiendelea kuzungusha spana isiyoshika nati yoyote.