Printa Isiyonunuliwa

Katika ofisi ya mitihani kila mtu alikuwa na lake la kumsema fundi wa kompyuta, na mwenye mengi zaidi alikuwa mkuu wa ofisi, mume wa dada yake. Nyumbani kwa mkuu, ambako fundi alipewa chumba cha nyuma, alimwita shemeji. Kazini alitakiwa kumwita mkuu, na ole wake asahau.

Ugomvi wa safari hii ulianza mwezi uliopita. Fundi alisoma tangazo kwamba programu ya kuchapa, ile inayokuja na mfumo huria wa kompyuta, usio wa kununua, waliokuwa wakiutumia, ina tundu. Mtu yeyote aliyeingia kwenye mtandao wa ofisi, hata aliyekaa na simu yake kule mapokezi, angeweza kujitangaza kuwa yeye ni printa, na kompyuta zingempokea bila hata kumuuliza kwao ni wapi. Fundi akaweka toleo jipya, akazima na hiyo tabia ya kompyuta kukaribisha kila anayebisha hodi. Tundu likazibika. Balaa ni kwamba printa ya ghorofani, ya mkuu mwenyewe, nayo ikapotea kwenye orodha yake.

Mkuu alimpandishia sauti mbele ya ofisi nzima. "Mashine ilikuwa inachapa. Nani alikutuma uiguse?"

"Nipe dakika tano tu, mkuu, niiandike printa yako kwa mkono."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema mkuu, ambaye hakuwa na methali nyingine aliyoipenda kama hiyo. Watu wakacheka, maana usipocheka unaonekana.

Kesho yake printa ya ghorofani ilikuwa imerudi yenyewe. Fundi alishukuru kunusurika, asichunguze imerudije. Hilo lilikuwa kosa lake, na hakuna wa kumbebea.

Ikafika Alhamisi, mitihani ni Jumatatu. Fundi alikwenda kubadilisha wino kwenye meza ya karani, mama mtu mzima ambaye pembeni wote walimwita Mara Mbili kwa sababu kila kitu alikichapa mara mbili.

"Mama, wino unaisha hivi kwa sababu yako," fundi akasema.

"Usinifundishe kazi, wewe. Ya kwanza huwa haitoki. Unachagua printa ya juu, inameza, kimya. Unachagua ya pili, inatoka. Ofisi nzima tunafanya hivyo tangu mwezi jana, ila jina mmenipa mimi."

"Ya juu ipi?"

Karani akamgeuzia kioo kwa hasira. Juu kabisa kwenye orodha palikuwa na Printa Kuu. Ofisi ilikuwa na printa mbili tu, ya chini na ya ghorofani. Hiyo Printa Kuu hakuna aliyewahi kuinunua, kuibeba wala kuitia wino.

Fundi akaivuta kibodi kwake. Akafungua kumbukumbu za mashine. Kazi sitini na tatu za kuchapa zilikuwa zimemezwa na mtu asiyejulikana, na mojawapo ilikuwa karatasi ya mtihani wa hesabu wa Jumatatu. Juu yake kulikuwa na mstari mwingine: toleo la zamani lilirudishwa kwa neno la siri la mkuu, jioni ileile ya ugomvi, na tundu likafunguka tena.

Aliziba kwanza. Alipita kompyuta moja baada ya nyingine, toleo jipya, printa mbili kwa mkono, basi. Kisha akakaa kwenye kompyuta ya karani, ambako barua zote za kwenda bodi ya mitihani zilitoka, akaandika ripoti ya ukurasa mmoja ili karatasi ibadilishwe kabla ya Jumatatu. Kabla ya kuichapa akaenda kumwambia mkuu, kwa kuwa shemeji ni shemeji.

Mkuu akafunga mlango. "Ziba hilo tundu, futa hizo kumbukumbu, unyamaze."

"Tundu nimeshaziba. Mtihani ndio umeshatoka, shemeji."

"Mkuu!" Alipiga meza, sauti yake ikapenya mlango hadi kwenye meza ya karani. "Unalala kwangu, unakula kwangu. Hiyo ripoti ikifika bodi, usirudi. Na dada yako nitamwambia ni wewe uliyeuza mtihani. Tuone atamwamini nani."

Fundi alijua ataaminiwa nani. Miaka kumi na miwili dada yake hajawahi kumpinga mume wake hata kwa chumvi ya mboga. Alitamani kulia, akaona haya, akatoka. Mkuu akamfuata nyuma.

"Ichape, mama," fundi akasema.

"Mara Mbili, usithubutu!"

Karani aliinua macho. Siku zote jina hilo lilisemwa pembeni. Leo ametupiwa usoni. Akavaa miwani yake taratibu, akabonyeza. Printa ikaunguruma, karatasi ikatoka, na tarehe yake, na saa yake, na mstari wa neno la siri. Akabonyeza tena.

"Mama, sasa inatoka mara ya kwanza," fundi akamwambia.

"Nimeona. Kwani mimi kipofu?" Karani akamsukumia karatasi zote mbili, bila hata tabasamu. "Hiyo ya bodi. Hii mpelekee dada yako, kabla huyu hajafika nyumbani."