Kiti cha Nyuma cha Gari la Afande

Loice alisimama kando ya cherehani yake, mkono juu ya gurudumu, kama mtu anayemzuia mbuzi asitoroke. Mashine hiyo ilikuwa barazani kwa Afande Obwona, huko Mbuya, tangu Alhamisi. Ndiyo rehani aliyoiacha ili akodishiwe gari la kwenda Busia, mpakani, kumzika kaka yake, Wandera. Sasa ilikuwa Jumamosi mchana. Jumatatu shule zinafunguliwa, na sare ishirini na tatu zilikuwa zimekatwa tu, hazijashonwa. Bila mashine, wale wazazi wa Bugolobi angewaambia nini?

Afande alilizunguka gari polepole. Alikuwa ameacha jeshi miaka michache baada ya vita, lakini bado alikagua kila kitu kama gwaride. Akagonga bodi. Akapiga tairi teke. Akahesabu spana, akaitazama jeki, akawasha taa mchana kweupe.

"Hakuna mkwaruzo," akasema.

"Tumelitunza kama yai, Afande," akajibu Sylvanus, Mkenya, mdogo wa marehemu mume wa Loice. Yeye ndiye aliyeliendesha.

Gari lilikuwa safi kweli. Asubuhi ile walikuwa wamelisugua kwa sabuni mara mbili. Lakini siku ya kuondoka Afande aliwapa sharti moja tu: "Watu, beba. Chakula, beba. Maiti, hapana." Nao walilikubali bila hila, maana jeneza lilikuwa limetangulia kwenye pikapu ya kanisa. Pikapu ikafia njiani, Lugazi. Jua linachoma, na hakuna gari lililosimama. Wakafungua kiti cha nyuma, wakakifunga juu ya paa, wakamwingiza Wandera ndani. Akina mama wa kwaya walichuchumaa pembeni yake, wakiimba hadi Busia.

Afande akainama ndani. "Hizi bolti zimefunguliwa."

"Zilikuwa zinalia, Afande," Sylvanus akadakia. "Nikazikaza. Bure kabisa!"

Afande akacheka. "Mkenya kufanya kazi ya bure? Dunia inaisha!" Kisha akamgeukia Loice. "Mama Moreen, chukua mashine yako. Umerudisha gari kama mtu."

Hata hajamaliza, Sylvanus alikwisha kujitwika cherehani kichwani. Walikuwa wamefika getini Loice aliposikia mlango wa gari ukifunguliwa. Ayaa, mke wa Afande, alikuwa akitandika kigodoro na blanketi la njano juu ya kile kiti cha nyuma.

"Kesho tunamtoa Lakot hospitali," Ayaa akamwambia, uso wote kicheko. "Binti yangu amenizalia kajukuu ka kwanza. Katalala hapa hapa."

Loice akasimama pale pale getini.

"Shemeji, twende," Sylvanus akanong'ona. "Mzigo mzito huu."

"Utue."

"Shemeji!"

"Utue, nimesema."

Akarudi. Akaeleza yote, tangu Lugazi hadi bolti, hata sabuni. Ayaa akakinyakua kigodoro kana kwamba kimeshika moto. Afande hakufoka, afadhali angefoka. Alivua kofia, akaikunja, akaikunjua.

"Wakati wa vita nilibeba wenzangu kwa lori siku mbili," akasema. "Nikapata hii yangu, nikasema hii ni ya wazima tu. Ulijua?"

"Hilo sikulijua, Afande. Sharti nililijua."

"Huyo ndugu yako, jina nani?"

"Wandera."

"Wandera," akarudia, akilitazama gari. Kisha akavaa kofia. "Mashine inabaki. Mtoto akifika hapa mzima, njoo uchukue. Wewe ni mtu wa kanisa. Omba."

Njia nzima ya kuteremka kilima Sylvanus hakunyamaza. "Haya, ukweli wako utashona sare?"

"Mikono ninayo, shemeji. Niache."

Jioni hiyo alishona kola mbili kwa mkono, akajichoma sindano mara tatu. Kila alipovuta uzi alimwombea mtoto asiyemjua hata jina. Jumapili mahubiri yalimpita kushoto na kulia. Watu wakisalimiana mlangoni, yeye alikuwa tayari anapanda Mbuya, na kitambaa chake cha kanisa kichwani.

Hapakuwa na gari uani. Akasubiri getini, akakaa, akasimama, akakaa tena. Mwishowe likaja likipanda kilima taratibu, Afande mwenyewe kwenye usukani, akikwepa kila shimo. Akashuka Lakot, kisha Ayaa na blanketi la njano kifuani. Loice hakuthubutu kusogea.

"Mama Moreen!" Afande akaita. "Umesimama kama polisi. Njoo ushike, mimi nikutolee mashine."

Ayaa akamwekea mtoto mikononi. Alikuwa na joto, mwepesi kama mkate. Mara akapiga chafya.

Wote wakaganda. Afande akasimama katikati ya ua na cherehani kifuani. Mtoto akapiga chafya ya pili, akapiga miayo, akalala.

Ayaa akarudi garini, akapitisha kidole kwenye upindo wa kiti, akakiinua kidole wote wakione.

"Vumbi!" akasema. "Sabuni mara mbili, na huku pembeni hamkugusa! Huyo shemeji yako yuko wapi? Aje arudie."