Alama Nyekundu za Jabali

Shangazi aliniuzia mashua yake ya mbio kwa bei ya kindugu na kwa sharti moja: nisipitishe alama nyekundu.

Alama hizo zilikuwa kwenye skrubu za kukazia nyaya, zile nyaya nene zinazoushika mlingoti kushoto na kulia. Mumewe ndiye aliyezitia, kwa rangi ya kucha aliyomwibia mkewe. Klabu nzima ilimwita Jabali, na hawakumsingizia. Yeye alikaa ukingoni, Shangazi akashika usukani, na wenzao wakabaki kuwatazama visogo. Kisha Jabali akafariki. Shangazi aliendelea na msichana mmoja wa klabu, akawa anashika mkia kila mbio, mpaka siku moja akatangaza mezani, mbele ya ukoo mzima, kwamba bega limekwisha na uzee umempiga mwereka.

"Ukikaza, ishia kwenye alama," aliniambia akinikabidhi spana. "Mume wangu hakuwa mjinga."

"Sawa, Shangazi."

Nilisema sawa. Hilo silikatai.

Mlingoti tuliusimamisha uwanjani mwa klabu, mimi na wifi yangu, mke wa kaka, mwanamke mwembamba mwenye ulimi kama wembe mpya. Winchi iliuinua, mimi nikaelekeza kitako chake kikae kwenye kiatu cha chuma, yeye akafunga waya wa mbele. Tulipotia pini ya mwisho nilifurahi mno, nikaiachia kamba ya kupandishia tanga bila kuifunga popote. Ikapaa suuu mpaka kileleni.

Wifi aliinua macho taratibu.

"Hongera, mwenye chombo. Sasa ipandie."

Tukaulaza mlingoti, tukaanza upya.

Safari hii tulikaza nyaya mpaka kwenye alama, sawasawa, tukaingia majini. Upepo haukuwa wa kumtisha mtu, lakini mashua ililala ubavu kama ng'ombe aliyegoma. Usukani ulinivuta mpaka kiwiko kikalia. Nikilegeza tanga, linapigapiga. Nikilivuta, tunalala tena. Wifi alining'inia ukingoni, nusu yake nje, na haikusaidia kitu.

"Kaka yako anajua umenileta huku kunizika?"

Tulirudi gatini tumelowa chapachapa. Nilipokuwa nikikausha sehemu ya mbele, chini ya sitaha nilikuta jaketi la kuokolea la Jabali. Wifi akalivaa kwa utani. Lilimfika magotini. Akalifungua kifuani, akasema, "Ingia na wewe, kuna nafasi." Nikaingia. Tukafunga zipu, wanawake wawili ndani ya jaketi la mtu mmoja, tukacheka mpaka fundi wa injini akatoka kibandani kututazama.

Kisha mimi nikaacha kucheka.

"Nini?" akauliza Wifi, pua yake shingoni mwangu.

"Mlingoti huu ulifungiwa mwili huu."

Jabali alitaka tanga lenye tumbo kubwa kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa nalo. Tanga likivimba, lina nguvu. Na nguvu hiyo inataka mtu mzito wa kukalia upande wa pili. Alipoondoka yeye, alama zilibaki. Shangazi aliziheshimu kama kaburi, na mashua ikamvunja mkono kila wikendi.

Nikachukua spana. Nilikaza waya wa kushoto kidogo, wa kulia kidogo, nikirudi nyuma kila mara kuuangalia mlingoti usije ukainama upande. Alama nyekundu zikapitwa. Mlingoti ukajikunja katikati, kiasi cha kuonekana na anayejua tu, na tulipopandisha tanga, tumbo lilikuwa limepungua.

"Atakuua," Wifi akasema.

Kesho yake nilimwalika Shangazi aje kunikosoa. Mwaliko wa namna hiyo haukatai. Alifika na mkoba wake, akaitikia shikamoo zetu, akakosoa fundo langu, akakosoa viatu vya Wifi, akaketi nyuma.

"Shika usukani," nikamwambia.

"Kwa bega lipi?"

"Shika tu, Shangazi."

Alishika kwa kiganja kizima. Upepo ulikuwa uleule wa jana. Mashua iliinama kidogo, ikatulia, ikaanza kukata maji. Alingoja ianze kumvuta. Haikumvuta. Akabakiza vidole viwili. Tulipokaribia kuligonga boya akafoka, "Geuzeni tanga! Mnalala?" kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Jabali azikwe.

Gatini nilimpa mkono ashuke. Yeye akainama kwenye waya wa kulia. Akaipata alama, mahali isipopaswa kuwa. Akaigusa kwa ukucha, kama anayejaribu kubandua gamba la kidonda.

"Umepitisha."

"Nimepitisha."

"Aliiweka mwenyewe. Nilikuwa nimemshikia chupa. Na mimi nimezunguka mji mzima nikisema bega limekufa. Nimeuza mashua yangu."

Wifi alijifanya anakunja tanga ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

Shangazi akanyoosha mkono. "Lete spana."

Nikampa. Ilikuwa haki yake kuishika. Aliipachika kwenye skrubu, akakaa hivyo, hakuizungusha.

"Jumamosi kuna mbio," nikasema. "Usukani ni wako. Mimi na Wifi tutakaa ukingoni, tukijumlishwa tunakaribia kuwa Jabali."

"Mjumlishwe na mawe," akasema, na nusura acheke. Akajizuia. "Uliniahidi, wewe mtoto. Niombe radhi, kisha nitakuja."

Nilimtazama: macho mekundu, nywele zimetimuliwa na upepo, spana mkononi, lile bega alilolizika likiwa hai limenyooka kuliko langu.

"Hapana, Shangazi. Uje usije, radhi siombi."